Waya Uliopakwa Mafuta

Waya ulipokazwa mara ya kwanza, ulitoa sauti ambayo Tusekile hakuipenda.

Waya mzima ukivutwa huimba. Kila aliyefanya kazi ya kunasua magari kwenye mteremko wa Matamba aliijua sauti hiyo, nyembamba na ya juu, kama kidole kilicholowa kikizungushwa kwenye mdomo wa glasi. Wa leo uliguna. Uliguna mara moja, ukanyamaza, na lori lililoning'inia kwenye Kona ya Maziwa likasogea kiasi cha unyayo wa mtoto, kisha likasimama.

"Simamisha," Tusekile alisema.

Baba Lusajo, aliyekuwa kwenye mpini wa winchi, aliondoa mkono. "Kuna nini tena, mkuu? Linakuja vizuri."

"Umeusikia?"

"Nimesikia upepo."

Tusekile alizunguka mbele ya gari lao la brekidauni, akavua glavu na kuweka kiganja juu ya waya. Ngozi ya waya ilikuwa laini, inang'aa, na hata katika baridi ile ilikuwa na uvuguvugu, kama shingo ya ndama. Hapakuwa na mchubuko. Kwenye kioo cha winchi taa ilikuwa ya kijani, na chini yake neno moja: MZIMA.

Hakuongeza neno. Hakuwa mtu wa kuongeza neno kabla hajatazama mara mbili.

Lori lilikuwa limeteleza ukungu ulipofunga. Kichwa kilibaki barabarani, tairi za mbele zimekwama kwenye mawe ya ukingo. Nyuma yote ilikuwa hewani, na chini yake hapakuwa na kitu mpaka kwenye miti ya korongo. Jambo la kwanza walilofanya walipofika ni kufunga mnyororo wa zamani kutoka kwenye bampa hadi kwenye nguzo ya zege. Mnyororo ulikuwa mwekundu kwa kutu. Lakini kutu yake ilionekana kwa macho, kwa hiyo walijua wauamini kwa kiasi gani: uzuie lori lisiondoke, basi. Kuvuta hapana.

Redio ilikwaruza.

"Dada Tuse, mbona mmetulia? Mmeamua kunywa chai kwanza?"

"Chai ipo, Zakayo. Tunakusubiri wewe."

"Nitilie sukari ya kutosha. Mguu wangu umeshaanza kusahau kwamba ni wangu."

Zakayo Sanga alikuwa peke yake ndani ya kabini. Dashibodi ilikuwa imejikunja na kuubana mguu wake wa kushoto chini ya goti, na hakuna ambaye angepanda kumkatia chuma wakati lori linacheza juu ya mawe. Ilibidi livutwe lote mpaka mahali tambarare. Ilibidi livutwe na waya huu, maana mwingine ulikuwa kituo cha Isyonje, upande wa pili wa uwanda, na barabara ya kule ilikuwa imefunikwa na theluji tangu asubuhi.

"Nipe dakika chache," Tusekile alimwambia. "Nataka kutazama kitu."

"Tazama. Mimi siendi popote."

*

Zamani, kabla ya Pazia, hakuna mtu wa Kitulo aliyejua theluji isipokuwa kwenye picha. Walijua umande unaoganda alfajiri na kuyafanya majani yaumize miguu ya ng'ombe; hiyo ndiyo ilikuwa baridi yao. Kisha mataifa yalikubaliana kulipunguza jua. Ndege zisizo na rubani zikaanza kumwaga vumbi jeupe juu kabisa, kupita mawingu, vumbi ambalo watu waliliita Pazia, na dunia ikapoa kidogo kama ilivyoahidiwa. Kule chini Usangu mvua zilirudi na mpunga ukastawi. Huku juu mvua hizohizo zilianguka zikiwa nyeupe. Watu wa chini walifanya ibada ya shukrani. Watu wa juu walinunua makoti.

Theluji ilileta barafu barabarani, na barafu ikaleta chumvi. Kila msimu malori ya chumvi yalipita yakinyunyiza, barafu ikawa tope la kijivu, na tope hilo likala kila chuma kilicholigusa. Lilikula bolti za daraja. Lilikula breki. Nyaya za kawaida za kunasulia magari, zilizokuwa zikilala na kuburuzwa humo kutwa nzima, hazikumaliza msimu mmoja.

Ndipo zikaja nyaya hai. Chuma chake kilikuwa kilekile, nyuzi zilizosokotwa, lakini juu yake kiwandani walikuwa wameotesha ngozi ya vijidudu. Vijidudu hivyo hula kutu. Popote kutu inapoanza huifuata, huila, na kuacha nyuma yao chuma kigumu mahali palipokuwa pameliwa. Havifanyi kazi kwenye baridi kali; baridini husinzia. Kwa hiyo waya hufanya kazi mchana, na jioni hulazwa mahali penye joto ili ujiponye. Kioo cha winchi hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi na kuuliza: umepona? Nayo ngozi hujibu.

Kiwanda kilitoa maelezo. Kabla ya kulazwa, waya uloweshwe ndani ya maji safi usiku kucha, mpaka chumvi yote itoke katikati ya nyuzi.

Hapo ndipo watu wa mteremkoni walipotikisa vichwa. Maji usiku kucha, kwenye baridi hii? Kitu chenye uhai? Hakuna mzazi anayemlaza mtoto mchanga ndani ya beseni. Mtoto huogeshwa haraka kwa maji ya moto, hufutwa kwa kitambaa, hupakwa mafuta mwili mzima, kisha hufunikwa na kuwekwa karibu na jiko. Ndivyo walivyozifanyia nyaya zao. Mafuta yalikuwa ya ng'ombe, maana ng'ombe ndio waliokuwapo. Hakuna aliyeamuru. Kituo kimoja kilianza, vingine vikaona nyaya zake zinavyong'aa, vikaiga, na kipimo cha kila kituo kikawa cha kijani kuliko wakati wowote.

Baba Lusajo ndiye aliyekuwa akiupaka waya wa Kona ya Maziwa. Aliufanya kwa mikono mitupu, akiimba nyimbo za kanisani. "Mke wangu mwenyewe hajawahi kupakwa hivi," alikuwa akisema, "na ameshanilalamikia kwa mchungaji."

Sasa alimwona Tusekile akitoa shazia kwenye kisanduku cha vifaa, ile sindano nene ya kushonea maturubai, akashuka kwenye winchi haraka.

"Mkuu. Hapana."

"Tundu moja tu."

"Tundu moja kwenye baridi hii ni kidonda. Hatapona mpaka turudi jikoni. Na kipimo kinasema mzima! Unataka akuambie mara ngapi?"

"Kipimo kinaiuliza ngozi, Baba Lusajo. Mimi nataka kuuliza ndani."

Alipiga goti kwenye tope, katikati ya urefu wa waya, pale ambapo kila siku hulala barabarani na kunywa chumvi. Akasukuma. Kwenye waya mzima shazia hupita ngozi na kugota chumani. Unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Hii ilipita ngozi, ambayo ilikuwa nene kuliko alivyotarajia, kisha ikaendelea. Iliingia kama inavyoingia kwenye kiazi kilichochemshwa. Aliichomoa. Ilikuwa imepakaa uji wa kahawia.

Aliinusa. Ilinuka damu na mafuta yaliyochacha.

Baba Lusajo alikuwa ameinama juu ya bega lake. Kisha Tusekile alisogea hatua kadhaa kuelekea winchi, akachoma tena. Uji. Akasogea hadi karibu na ngoma ya winchi, mahali ambapo waya haufunguliwi mara nyingi. Shazia iligota.

"Vijidudu wameshiba," alisema polepole. Alikuwa akijieleza mwenyewe kuliko kumweleza mwenzake. "Tuliwapa mafuta. Wakala mafuta, wakanenepa hukuhuku juu. Kutu iliyo ndani hawakuifuata, ya nini? Na chumvi tukaifungia humohumo, tukaipasha moto kila usiku."

"Nimeupaka mimi," Baba Lusajo alisema.

"Tumeupaka sote. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea mafuta."

Mzee alikuwa akifuta mikono kwenye koti, ingawa ilikuwa safi.

*

Lori lilibeba mitungi ya joto. Ilikuwa mitungi mizito, iliyojaa nta inayoyeyushwa kwa jua la Chimala kule chini, na ikishayeyuka hukaa na moto wake kwa siku nyingi. Huku juu ndiyo iliyokuwa ikipasha hospitali ya Matamba. Ilipangwa kwenye reli zenye magurudumu ili ishushwe haraka, na mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa swichi iliyokuwa kabini, mkono wa kulia wa dereva.

Tusekile alilitazama lori na kuupanga mzigo kichwani kama alivyojifunza kupanga kila kitu, bila shule, kwa kukosea vitu vidogo na kukumbuka. Mitungi ndiyo iliyolivuta nyuma. Mlango ukifunguliwa, kwa mwinamo ule, yote ingebingirika korongoni, na lori tupu hata waya mbovu ungelivuta. Zakayo angekuwa hai. Mlango usipofunguliwa, waya ungebeba uzito wote, na shazia ilikuwa imemwambia palipooza; haikumwambia palipobaki. Huenda ungehimili. Hakuna njia ya kulijua hilo isipokuwa kuukata, na waya uliokatwa hauvuti.

Aliita hospitali. Aliyepokea alikuwa Muuguzi Violeth Mbilinyi mwenyewe.

"Niambie liko njiani, mama," Violeth alisema.

"Liko ukingoni. Una joto la kufika lini?"

"Asubuhi. Nikibana, asubuhi. Nina watoto njiti wodi moja, na wodi nyingine wazee wa homa ya mapafu. Siwezi kuwachanganya, wale wanakohoa. Kwa nini unaniuliza?"

"Nikishajua nitakwambia."

"Tusekile." Sauti ilishuka. "Usinijibu kama daktari."

Alizima redio, akabaki ameishika. Baba Lusajo alikuwa pembeni, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Tumwambie afungue?" mzee aliuliza.

"Nimwambie afungue, halafu waya uwe ulikuwa unaweza? Nitakuwa nimemwaga joto la watoto kwa kuogopa."

"Basi tuvute hivihivi."

"Na ukikatika? Mnyororo ule hautalidaka lori likirudi kwa kishindo."

"Basi mwachie mwenyewe aamue. Maisha ni yake."

"Ataamua akidhani waya ni mzima."

"Basi mwambie." Mzee alitazama redio kama inaweza kumuuma. "Lakini ukimwambia humo, vituo vyote vinasikia. Isyonje watasikia, Igoma watasikia. Nani atavuta gari tena msimu huu? Uwanda mzima utafungwa, mkuu, kwa matundu matatu ya shazia."

Hilo lilikuwa kweli, naye akalipima. Alifikiria vijiji vya juu bila chumvi, bila unga, bila gari la wagonjwa. Alifikiria pia kwamba wakati huo huo, mahali fulani kwenye uwanda ule, huenda kuna mtu anafunga waya unaong'aa kwenye gari lenye watu.

Alibonyeza redio.

"Zakayo. Nisikilize bila kuniingilia."

"Mh. Leo tumekuwa rasmi."

"Waya wetu umeoza ndani. Kipimo kinasema mzima, lakini nimeuchoma na ndani ni uji. Sijui umebaki na nguvu kiasi gani. Nikikuvuta na mzigo, unaweza kukatika. Ukifungua mlango wa nyuma mzigo ukaondoka, naweza kukutoa. Hospitali ina joto la mpaka asubuhi tu. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, sijakuficha kitu."

Upepo ulipita. Kwa mara ya kwanza mchana ule Tusekile alisikia mnyororo ukilia kwenye nguzo.

"Mimi Mkinga, dada," Zakayo alisema hatimaye. "Unajua Mkinga haachi mzigo wake njiani."

"Najua. Nakuuliza kweli."

"Kweli?" Alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Mke wangu alijifungulia wodi hiyohiyo. Usiniambie mimi niibonyeze hii swichi. Siwezi kurudi nyumbani nikiwa mtu aliyeibonyeza. Huna njia nyingine?"

Kabla hajajibu, sauti ngeni iliingia redioni, ya kijana, inahema. "Kona ya Maziwa, hapa Isyonje. Tumesikia. Tumesimamisha kazi, tunauchoma wetu sasa hivi." Walimsubiri. Kisha: "Wetu nao ni uji."

Baba Lusajo alivua kofia na kuivaa tena.

*

Njia nyingine ilikuwapo, na Tusekile hakuipenda kwa sababu iliwahusu watu wasio Zakayo. Puli ikifungwa kwenye bampa ya lori, waya ungekwenda, ukazunguka puli, ukarudi na kufungwa kwenye brekidauni yenyewe. Kila upande hapo hubeba nusu ya uzito. Lakini waya uliokunjwa mara mbili hufika nusu ya umbali. Brekidauni ingelazimika kurudi nyuma kwenye ule mteremko wa barafu mpaka karibu na ukingo, na lori likienda, lingeondoka nayo na aliyemo.

Alimweleza Baba Lusajo yote hayo. Alimweleza polepole, kila hatari mahali pake.

"Winchi naweza kuiendesha mwenyewe," alimalizia. "Wewe ukae juu na redio."

"Wewe winchi unaiendesha kama unakanda chapati," mzee alisema, akapanda kitini.

"Baba Lusajo, sijakuomba."

"Ndiyo maana nakwenda. Ungeniomba ningekataa." Alishika mpini kwa mikono miwili. "Kapige vigingi vya tairi, mama. Piga kama una hasira."

Waliiteremsha brekidauni hatua kwa hatua, Tusekile akitembea kando yake akisukuma vigingi vya chuma nyuma ya tairi kila iliposimama. Mara moja ilijiendea yenyewe, kimyakimya, bila hata tairi kuzunguka, kisha kigingi kikauma barafu na kuishika. Alipofika kwenye lori alifunga puli kwa shakeli, ile pingu ya chuma, vidole vyake havihisi kitu. Kupitia kioo kilichopasuka aliuona uso wa Zakayo, wa kijivu, una jasho katika baridi ile.

"Dada, unanuka grisi," alisema.

"Na wewe unanuka woga."

"Huo ni wa kwako, umeingia dirishani."

Aliweka kiganja kwenye kioo, naye akaweka chake upande wa ndani. Kisha akarudi, akasimama kando, mahali ambapo waya ukikatika usingemkata.

"Vuta."

Waya uliguna pande zote mbili. Lori lilitikisika, tairi za mbele zikauma mawe, na polepole mno, kama ng'ombe anayeinuka na uchovu, likaanza kuja. Liliupata ukingo. Kioo kilionyesha kijani. Tusekile hakukitazama, alitazama ngozi. Alihesabu pumzi zake bila kujua. Mhimili wa nyuma ulikuwa bado hewani lakini umekaribia, ulibakiza mkono mmoja tu, huenda pungufu, na akajiruhusu kufikiri kwamba huenda wote watapata kila kitu.

Ngozi ilipasuka upande wa kushoto.

Haikutoa mlio. Ilifunguka kama mshono, na kutoka ndani yake ukamwagika unga wa kahawia juu ya theluji, mwingi, mkavu kuliko alivyodhani. Nyuzi tatu zilizobaki zilichungulia humo. Moja ilikatika, ikapiga hewani. Lori lilirudi nyuma na brekidauni ikafuata, vigingi vikilia. Baba Lusajo alifunga breki ya winchi kwa uzito wa mwili wake wote. Vyote vikasimama, vinatetemeka.

Kijani. MZIMA.

"Dada Tuse!" redio ilipiga kelele. "Sema wewe! Sema wewe, nisiseme mimi!"

Alikuwa na muda wa pumzi moja, na ndani ya pumzi hiyo aliviona vyote, Zakayo, mzee kwenye winchi, taa ndogo juu ya vitanda vya njiti. Hakuna kilichokuwa chepesi kuliko kingine.

"Fungua," alisema. "Ni mimi Tusekile ninayesema. Fungua."

Mlango wa nyuma uliachia. Mitungi ilitoka kwa mngurumo mmoja mrefu, mmoja baada ya mwingine, na chini kabisa korongoni walisikia miti ikivunjika na theluji ikifoka kwa mvuke pale nta ya moto ilipomwagika. Mvuke ulipanda mpaka usoni mwao. Kwa muda mfupi kona nzima ilikuwa na joto.

Lori jepesi lilipanda ukingo na kusimama barabarani.

*

Walimkatia Zakayo chuma wakamtoa kabla giza halijaingia. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili lakini damu ilikuwa bado inapita. Alilia waliponyanyua dashibodi, kisha akawaomba radhi, kisha akaomba chai.

Nyuma ya kabini walikuta mitungi michache iliyokwama kwenye reli iliyopinda. Tusekile aliigusa mmoja mmoja. Ilikuwa bado ya moto. Waliihamishia kwenye brekidauni, wakamlaza Zakayo katikati yake akiwa amefunikwa turubai, na wakati Baba Lusajo anawasha injini, Tusekile alichukua redio.

"Violeth. Dereva ni mzima, tunamleta. Mzigo umekwenda. Nimebaki na mitungi ya kutosha wodi moja."

Redio ilikwaruza.

"Nani aliyesema umwagwe?"

"Mimi."

"Ulijua nina wodi mbili."

"Nilijua."

Alisubiri atukanwe. Angelipokea tusi, lingekuwa na mahali pa kukaa. Lakini Violeth alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Na barabara? Hakuna gari jingine?"

"Nyaya zote zimeoza. Hakuna atakayevuta mpaka zije mpya. Lori lolote likiteleza sasa, limekwenda."

"Basi leta hiyo. Lakini usishushe na kuondoka, mama. Uingie ndani. Mimi nimeshachagua peke yangu mara nyingi mno msimu huu."

"Sitaondoka," Tusekile alisema.

Walipanda taratibu, bila mtu wa kuwavuta endapo wangeteleza. Baba Lusajo hakuimba. Mara moja tu alisema, bila kugeuka, "Tungewalowesha tu. Maji, basi." Tusekile aliweka mkono begani kwake na kuuacha hapo mpaka zilipoonekana taa za hospitali.

Violeth aliwapokea mlangoni akiwa amevaa makoti mawili. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Aliwaita wahudumu wampokee Zakayo, akaihesabu mitungi kwa macho, kisha akatazama upande mmoja wa korido, akatazama upande mwingine. Kushoto kilisikika kilio chembamba, kama cha paka. Kulia watu walikuwa wakikohoa.

"Njiti hawawezi kuvaa makoti," Tusekile alisema.

"Hawawezi."

"Wazee wanaweza kusogezwa pamoja. Wavalishwe, wapewe uji wa moto, tukae nao usiku."

"Wengine. Si wote watakaofika asubuhi, mama. Nakwambia mapema."

"Nimekuelewa."

Walitazamana. Hakukuwa na mwingine wa kuuliza. Violeth aliinama kushika mtungi wa kwanza kuupeleka kushoto, lakini Tusekile alimshika mkono.

"Ngoja. Kabla hujauingiza, nipeleke kwa wale watakaokosa. Nataka wasikie kwangu, wasije wakahisi baridi kwanza ndipo waulize."

Muuguzi aliuacha mtungi, akatangulia. Alifungua mlango wa kulia. Ndani, nyuso ziligeuka kwenye mito, na bibi mmoja karibu na mlango, alipoona mvuke ukitoka kwenye makoti yao, alitabasamu na kuvuta miguu yake kitandani ili kuwapa nafasi.

"Karibuni," alisema. "Mmetuletea moto?"

"Shikamoo, bibi," Tusekile alisema. Alivua glavu, akaketi pale alipopewa nafasi, akaushika mkono wa bibi katikati ya mikono yake miwili, na ndipo akaanza kusema.